Kwa nini maporomoko ya Kalambo hubadilika sana kati ya masika na kiangazi?

Ukifika Kapozwa, kijiji cha mpakani mwa Tanzania na Zambia mkoani Rukwa, mwezi wa Machi, utayasikia maporomoko ya Kalambo kabla hujayaona. Manyunyu hupanda kutoka korongoni hadi kulowesha nguo. Nenda tena Septemba: mto uleule umebaki utepe mweupe kwenye ukuta wa mwamba.

Jibu linaanzia kwenye mvua. Pwani wana vuli na masika, lakini Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja tu, takribani Novemba hadi Aprili, ukanda wa mvua unapolifuata jua kwenda kusini. Hata hivyo mto haujai mvua zinapoanza. Ardhi imekauka kwa miezi kadhaa, hivyo mvua za mwanzo huishia kunywewa na udongo. Udongo ukishashiba, ndipo maji hutiririka juu ya ardhi na kuingia mtoni kwa wingi. Ndiyo maana Kalambo hufura zaidi masika yakielekea ukingoni. Na yale maji yaliyozama mwanzoni hutoka taratibu kwenye chemchemi wakati wote wa kiangazi, mto usikatike.

Kimo nacho kina sehemu yake. Kalambo hutoka nyanda za juu na kufika ghafla kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja kabla ya kuelekea Ziwa Tanganyika. Katika safari ndefu kiasi hicho hewani, maji machache hupasuka kuwa matone, na upepo huyapeperusha. Kwa hiyo kiangazi utepe huonekana mwembamba zaidi chini kuliko juu.

Wengi hukwepa kiangazi, nami naona wanakosa mengi. Wakati huo korongo mfuko-shingo, ndege wakubwa wenye upara, huzalia kwenye mitokezo ya ukuta ule, mahali ambapo adui wa nchi kavu hafiki. Kiangazi madimbwi hupungua na samaki hubanana, mizoga nayo haikosekani, basi chakula ni rahisi kupatikana. Vifaranga hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu. Wazazi wasipoanza mapema, mvua zitawakuta makinda hawajui kuruka.

Maji ya Kalambo yametunza pia historia. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kuwa magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa pamoja, yaliyopatikana upande wa Zambia juu ya maporomoko, yana umri wa miaka 476,000 hivi. Mbao za kawaida zingeoza zamani, lakini hizi zilizikwa kwenye mchanga uliolowa daima, hewa isipenye.

Kama una nafasi ya safari moja tu, chagua Juni. Barabara ya kutoka Sumbawanga kupitia Matai huwa imekauka, maji bado yapo ya kutosha, na manyunyu hayafichi tena ukuta wa mwamba.