Loki nati imegoma, halafu unaniambia "fundi piga mashine"

Loki nati ni ile nati ya tairi ya kuzuia mwizi, inafunguka kwa ufunguo wake maalum tu. Na hiyo "piga mashine" wiki hii peke yake nimeisikia mara tatu. Wa mwisho kaja na RAV4 kutoka Mikindani, pancha tairi la nyuma, ameshapita kwa kijana wa pancha huko njiani, kijana kaweka ufunguo wa loki kapiga mashine ya upepo, ufunguo umekwisha meno yote na nati bado ipo palepale inaniangalia. Na bado bosi mwenye gari ananiambia, fundi, we mashine yako si kubwa zaidi, piga tu itatoka.

Jamani mashine ndo imeigomesha hiyo nati. Toyota ndogo nyingi nati zake zinatakiwa zikazwe nyutoni mita 103 tu (ndo kipimo cha nguvu ya kukaza), basi, nguvu ambayo mtu mzima na wili spana ya mkono anaifikisha bila kutoa macho. Mashine ya upepo ya gereji inaweza kuvuka 500 na kijana anaishikilia mpaka ilie trrrr akidhani anakusaidia. Sasa nati ya kawaida ina pande sita nene kwahiyo hata ikikazwa kishamba utaitoa, utatoa jasho lakini itatoka. Loki nati haina hizo pande, ina vijimfereji vyembamba tu na ufunguo unashikilia hapo hapo, na mashine haizungushi kama mkono, inagonga gonga, kila kigongo ufunguo unacheza kidogo na unakula ukingo. Ukingo ukiisha hakuna cha mashine kubwa wala ndogo, inateleza tu. Watengenezaji wenyewe wa hizi nati wanasema mashine usitumie, kufunga wala kufungua, ila nani anasoma.

Ikigoma, gari iwe chini, usiiweke kwanza juu ya jeki. Safisha ile mifereji kwa brashi au msumari, huku kwetu mchanga wa pwani na vumbi la breki vinajaa humo mpaka ufunguo hauzami wote. Hakikisha nati nyingine zote za tairi hilo zimekaza, usizilegeze kwanza kama wengi wanavyofanya, maana ukizilegeza mzigo wote unabaki kwenye loki moja. Halafu ufunguo ugonge taratibu na nyundo uzame, ushike unyooke, spana ndefu, vuta polepole kwa nguvu moja bila kushtua. Ukihisi umeteleza hata kidogo ACHA. Hapo ndo mniletee, sio baada ya kuuteleza mara kumi. Mimi nitagongelea soketi ya bei rahisi ya meno 12 iliyo ndogo kidogo kuliko nati, au soketi ya kung'ata yenye meno ya kuzunguka kinyume, inajikaza yenyewe ukifungua. Soketi itakufa, nati itatoka, rimu itabaki nzima. Zile loki zenye pete ya nje inayozunguka ndo shughuli, soketi inazunguka na pete bure, mpaka pete ivunjwe kwanza.

Eti chomelea nati juu yake uzungushe. Inawezekana, ila joto hilo linaharibu rangi ya spotirimu na kuyeyusha grisi ya beringi, na mimi kwangu ni njia ya mwisho kabisa.

Eti ufunguo wa Toyota ya jirani utaingia. Hapana, michoro ya funguo iko mingi makusudi, usilazimishe. Angalia kama kuna kadi yenye namba kwenye droo ya dashibodi, kwa namba hiyo ufunguo mwingine unaweza kuagizwa.

Paka grisi kwenye stadi, zile bolti nati inapofungwa, zisigande? Ukipaka, kukaza kulekule kunavuta stadi zaidi ya inavyotakiwa na siku moja inakatika. Futa kutu kwa brashi ya waya, inatosha.

Na hili la mwizi, eti loki inamzuia. Soketi ya meno 12 na nyundo niliyokwambia mimi, mwizi naye anayo. Loki inamchelewesha dakika chache, basi. Mwenye loki anayeteseka zaidi ni mwenyewe, anapata pancha Nangurukuru usiku na ufunguo kauacha nyumbani Shangani.

Ndo maana ushauri wangu kwa gari za huku ni toa zote nne weka nati za kawaida. Ila nunua kwa akili, Toyota nyingi ni uzi wa 12 kwa 1.5 (milimita za unene wa stadi, halafu nafasi kati ya uzi na uzi), Nissan na Subaru nyingi ni 12 kwa 1.25, kwa macho zinafanana, ukilazimisha unaua stadi. Na angalia kitako, pale nati inapokalia rimu, spotirimu nyingi orijino za Toyota zinataka nati yenye washa bapa, za kununua mtaani nyingi zinataka kitako cha koni, ukichanganya tairi linalegea njiani.

Huyu wa RAV4 nimemtolea ile moja, nikamwambia zibaki tatu za nini, tutoe na hizo. Kagoma, eti zimekuja na gari kutoka Japani, ni orijino. Ufunguo hana tena. Na bado anataka kwenda Dar.