Paili ile ile, mchanga ule ule, ila hazibebi sawa

Niko Dodoma, bahari iko mbali, lakini vijana wa geoteknika, yaani uhandisi wa udongo na misingi, huku wananiuliza sana kuhusu misingi ya mitambo ya upepo baharini, na swali karibu kila mara ni kipenyo na urefu. Mi nauliza kwanza, hiyo paili, yaani nguzo ya msingi inayozamishwa ardhini, imeingiaje?

Ukiipiga kwa nyundo, ncha inausukuma mchanga pembeni, mchanga unaibana ubavuni. Ila mapigo yanaendelea, na ule mchanga wa juu unasuguliwa tena na tena, chembe zinajipanga upya, mbano unapungua, ndo maana msuguano wa mita tano za juu unashuka kadri ncha inavyozidi kuteremka. Iliyosukumwa taratibu kwa jeki haisugui hivyo, mbano unabaki zaidi. Iliyochimbiwa shimo ikamwagiwa zege haisukumi chochote, kinyume chake mchanga unalegea kuelekea shimoni.

Halafu muda. Majaribio ya Dunkirk, Ufaransa, yalionesha paili za chuma zilizopigwa mchangani zinaongeza nguvu ya ubavu kwa miezi kadhaa, yaani ukipima siku chache tu baada ya kupiga unaipunja.

Sasa vaibro, mashine inayoitikisa paili mpaka izame bila kuigonga. Pale Kibaigwa debe la mahindi likitikiswa mahindi yanashuka, na mchanga uliolegea unakaza vivyo hivyo. Lakini Bahari ya Kaskazini sehemu nyingi mchanga umeshakaza tangu zamani, na uliokaza ukiusumbua karibu na paili unaweza kulegea! Watu wanaipenda vaibro kwa sababu ya kelele, Ujerumani kikomo cha sauti ya pigo moja la nyundo ni desibeli 160 ukiwa mita 750 kutoka kwenye paili, kulinda pomboo, na hilo naliunga mkono kabisa. Ila mnara wa upepo unasukumwa kwa pembeni, ugumu wa mchanga wa juu ndo unashika masafa yake ya mtikisiko, yaani mnara unatikisika mara ngapi kwa sekunde, ukilegea masafa yanashuka yanasogelea kasi ya mzunguko wa mapanga, na hapo uchovu wa chuma, yaani nyufa za kutikiswa tena na tena, unaanza mapema. Ndo maana wengine wanashusha kwa vaibro kisha mita za mwisho wanamalizia kwa nyundo. Kwa mzigo wa kwenda chini inasaidia, kwa mzigo wa pembeni mi bado nataka nione jaribio la kuisukuma paili kwa pembeni.

Kwa hiyo ukiniletea ripoti ya jaribio, iwe na aina ya nyundo, mapigo kwa kila mita, tarehe ya kupiga na tarehe ya kupima. Bila hivyo siwezi kuilinganisha na paili nyingine yoyote.