Mtaala wa Kumsomesha Mtoto Nyumbani: Ni Nini, na Huchaguliwaje

Mzazi akishaamua kumsomesha nyumbani mtoto wa miaka sita au tisa, swali lake la kwanza huwa ni anunue vitabu gani. Swali hilo limeruka hatua. Kinachotangulia vitabu ni mtaala, yaani mpango mzima unaosema mtoto ajifunze nini, kipi kitangulie kipi, mwaka ukiisha awe amefikia wapi, na itajulikanaje kwamba amefika. Chini ya mtaala kuna silabasi, au muhtasari wa somo kama wasemavyo walimu wa Tanzania, ambao hugawa kila somo katika mada na mada ndogo. Vitabu vya kiada huja mwisho kabisa, kutekeleza kilichokwisha kupangwa. Mzazi mwenye vitabu vinne vizuri vya hesabu kutoka kwa wachapishaji wanne bado hana mtaala. Kimoja huenda kinadai mtoto ajue sehemu, kama nusu na robo, na kingine ndiyo kwanza kinamfundisha kugawanya.

Nchini Kenya, mitaala mitatu hutajwa sana na familia zinazosomesha nyumbani. Kuna mtaala wa taifa wa umilisi, CBC, uliotayarishwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, na kuanza kutumika nchi nzima mwaka 2019: madarasa mawili ya awali, PP1 na PP2, kisha gredi ya 1 hadi ya 3, kisha ya 4 hadi ya 6. Kuna wa Cambridge kutoka Uingereza, ambao sehemu yake ya msingi ina hatua 6, kwa watoto wa miaka 5 hadi 11. Na kuna ACE, mtaala wa Kikristo ulioanzishwa Texas, Marekani, mwaka 1970.

ACE unastahili maelezo zaidi kwa sababu unavutia sana wazazi wenye kazi nyingi. Mtoto hupimwa kwanza ili ijulikane yuko kiwango gani katika kila somo. Kisha hupewa vijitabu viitwavyo PACE, kwa kawaida 12 kwa somo moja kwa mwaka. Hujiwekea lengo la kurasa za siku, husoma mwenyewe, hujisahihisha kwa kitabu cha majibu, na haruhusiwi kuendelea na kijitabu kinachofuata mpaka mtihani wa kile alicho nacho aupite kwa angalau asilimia 80. Mzazi huwa msimamizi kuliko mwalimu. Nguvu ya mpango huu ni kwamba mtoto hasukumwi mbele akiwa na shimo nyuma yake. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba unamtaka awe msomaji mzuri wa Kiingereza mapema, na kazi nyingi ni za kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Mtoto anayejifunza kwa kuuliza na kushika vitu atachoka nao. Mzazi anayeuchagua aongeze saa ya mazungumzo, majaribio na hadithi kila siku, la sivyo mtoto atajua kujibu bila kujua kueleza.

Sasa, kuchagua. Naamini kabisa kwamba mtaala huchaguliwa kwa kuanzia mwisho: mtoto huyu akifika miaka kumi na miwili atakuwa wapi? Kama atarudi katika shule ya umma, njiani kuna KPSEA, tathmini ya mwisho wa gredi ya 6 iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na watoto husajiliwa kwayo kupitia shule. Kama ataendelea na Cambridge, kuna mtihani wa Checkpoint mwisho wa hatua ya 6, na hufanywa katika vituo vilivyosajiliwa. Mzazi aulizie kituo kabla ya kulipia kitabu hata kimoja. Familia nyingi hukwama hapa: miaka minne ya kazi nzuri nyumbani, halafu mtoto hana mlango wa kuingilia.

Suala la sheria nalo halikwepeki. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na Tanzania pia elimu ya msingi ni ya lazima kisheria. Pata ushauri wa mwanasheria kabla ya kumtoa mtoto darasani. Kwa Waswahili walioko Marekani hali ni tofauti: kusomesha nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50, ila masharti hayafanani. Texas haimtaki mzazi hata atoe taarifa. New York hudai mpango wa masomo wa mwaka na ripoti kila robo. Pennsylvania hutaka mitihani katika gredi ya 3, ya 5 na ya 8 pamoja na tathmini ya kila mwaka. Mtaala unaotosha Houston, Texas, unaweza usitoshe Philadelphia, Pennsylvania.

Baada ya mwisho, tazama mwanzo, yaani kiwango alichopo mtoto leo. Mpe kifungu cha gredi iliyo chini ya yake akisome kwa sauti, kisha akusimulie kwa maneno yake mwenyewe. Mpe hesabu ya kutoa yenye kukopa, kama 23 toa 8, na umwombe aeleze alichofanya. Ukigundua kwamba wa gredi ya 4 anasoma kama wa gredi ya 2, usiogope wala usimfiche. Hiyo ndiyo faida kubwa ya nyumbani: anaweza kuwa gredi ya 4 katika sayansi na ya 2 katika kusoma, na hakuna wa kumcheka. Usinunue basi seti nzima ya gredi moja kabla ya kumpima.

Katika hesabu kuna tofauti ambayo wazazi wengi hawaelezwi. Baadhi ya mitaala huenda kwa mzunguko: mada huguswa kidogo, huachwa, kisha hurudiwa wiki kadhaa mbele ikiwa imeongezwa kidogo. Saxon Math ya Marekani imejengwa hivyo. Mingine hukaa katika mada moja mpaka mtoto aimudu, kama ile iliyofuata njia ya Singapore, ambapo kila jambo huanza na vitu vya kushika, kisha picha, kisha tarakimu. Kwa njia hii ya pili, 23 toa 8 huanza na mafungu mawili ya vijiti kumi-kumi na vijiti vitatu pembeni. Mtoto hufungua fungu moja kwa mikono yake na kuona kukopa ni nini. Mtoto mwepesi wa kusahau husaidiwa na mzunguko. Anayekerwa na kurukaruka hutulia akipewa mada moja. Silaumu njia yoyote kati ya hizi, lakini kuchanganya mitaala miwili ya hesabu kwa wakati mmoja huwavuruga watoto wadogo.

Kiswahili ndicho kinachoumia zaidi katika mitaala ya nje, na hapa nazungumza kwa uchungu. Cambridge na ACE hujengwa juu ya Kiingereza, na kujifunza kusoma Kiingereza ni kazi ndefu kwa kuwa herufi ileile hutamkwa hivi hapa na vile kule. Kiswahili hakimsumbui mtoto hivyo. Akizijua silabi, ba be bi bo bu na zile zenye mw, ng' na nyw, anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kwa familia inayozungumza Kiswahili nyumbani, ningeanza kusoma kwa Kiswahili hata kama mtaala uliolipiwa ni wa Kiingereza, ili mtoto apate mapema ile furaha ya kufungua kitabu na kukielewa.

Hata hesabu zina lugha yake. Kitabu cha nje husema mtoto anaamka saa saba asubuhi, huku bibi yake akisema saa moja, na mtoto lazima azijue saa zote mbili. Pesa za zoezi ni dola au pauni, vipimo ni inchi na futi, na majira ya mwaka yana theluji badala ya masika na vuli. Badilisha mifano hiyo unapofundisha. Ni kazi ya dakika chache. Zaidi ya hapo, mtoto atakayerudi shule ya Kenya atakutana na ngeli, methali na insha, na hayo hayajifunzwi kwa wiki mbili za likizo. Chukua kitabu cha Kiswahili cha gredi yake kilichoidhinishwa na KICD, kilichomo katika orodha yao ya Orange Book, na ukiendeshe sambamba. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo imeweka vitabu vyake vya kiada mtandaoni bila malipo, na ni hazina hata kwa aliye Mombasa au Ohio.

Kuhusu muda, usijaribu kuiga siku nzima ya shule. CBC yenyewe ilipangiwa vipindi vya dakika 30 kwa gredi za chini na 35 kwa gredi ya 4 hadi ya 6, tena kwa darasa lenye watoto wengi. Mtoto mmoja mezani na mzazi wake, saa mbili au tatu za kazi ya kweli zinamtosha katika gredi za mwanzo.

Lipia muhula mmoja kwanza. Kama baada ya muhula mtoto bado analia kila akiona kitabu, chunguza kama tatizo ni kiwango au ni njia. Kiwango hurekebishwa kwa kurudi nyuma gredi moja ndani ya mtaala uleule. Njia ndiyo inayohitaji mtaala mwingine, na wakati mzuri wa kuubadilisha ni mwisho wa mada. Wakati wote huo hifadhi kazi zake zikiwa na tarehe: ukurasa wa hesabu, insha, mchoro, orodha ya vitabu alivyosoma. Mwalimu mkuu atakayempokea siku moja atataka kuziona kabla ya kuamua aingie gredi gani.