Moyo kushindwa kwa mzee anayesahau na mwili umelegea: ina maana gani na anahudumiwaje

Tuanze na hili la moyo kushindwa kufanya kazi maana watu wanachanganya sana, sio kwamba moyo umesimama, moyo unadunda ila hausukumi damu ya kutosha au haujai vizuri, matokeo yake maji yanarudi nyuma yanajaa kwenye mapafu na miguuni, mtu anavimba, anahema akitembea kidogo, usiku hawezi kulala bila kuwekewa mito mingi. Sababu kubwa huku kwetu Tanzania ni presha ya muda mrefu, hata utafiti wa Muhimbili kwa wagonjwa hawa uliikuta ndo inaongoza.

Sasa mchukue mgonjwa huyo awe na miaka 78 na awe ameanza kusahau. Na sio wachache, utafiti uliofanyika wilaya ya Hai kule Kilimanjaro ukatolewa 2013 ulikuta dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoleta kusahau, kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea, na hao ni vijijini kabisa. Afu ongeza udhaifu wa uzee. Huu una maana yake kitabibu, sio kuzeeka tu: Linda Fried na wenzake kule Marekani mwaka 2001 waliuweka kwenye dalili tano, kupungua uzito bila kutaka, kuchoka kila wakati, mkono kukosa nguvu ya kushika, kutembea polepole na kutojishughulisha, ukiwa nazo tatu au zaidi unahesabika. Kwa mtu wa hivyo kitu kidogo tu, mafua, kuharisha siku moja, kubadilishiwa dawa, kinamwangusha kitandani wiki nzima.

Haya matatu yanalishana. Moyo dhaifu unapeleka damu kidogo kwenye ubongo na kwenye misuli, ubongo unasahau dawa, dawa zikisahaulika maji yanajaa, analazwa, akilazwa misuli inaisha zaidi, anarudi nyumbani hawezi hata kufika chooni mwenyewe.

Ndo maana mimi naona shida kubwa iko kwenye maelekezo tunayopewa kliniki. Mzee anaambiwa punguza chumvi, pima uzito kila asubuhi, kunywa hizi mara mbili na hii mara moja, ukiona umevimba njoo haraka. Yote hayo yanamtaka mtu anayekumbuka na anayejigundua! Mzee akiulizwa "umekunywa dawa?" anajibu nimekunywa, na hadanganyi, anaamini kabisa kanywa. Kwa hiyo kusimamia ugonjwa kunahama kutoka kwake kuja kwa mtu mmoja wa nyumbani anayejulikana kwa jina, sio "watoto wote tunasaidiana" maana hapo kila mtu anadhani mwenzie kampa, au anapewa mara mbili. Huyo mmoja ndo aende nae kliniki, ndo aelezwe na arudie kwa maneno yake alichoelewa kabla hawajatoka kwa dokta. Dawa zipangwe kwenye kiboksi cha siku za wiki, na dozi zisogezwe ziende pamoja na chai ya asubuhi kadiri dokta anavyoruhusu.

Lasix, ile dawa ya kutoa maji kwa mkojo, isiwe ya jioni kama inawezekana, asubuhi na kama kuna ya pili basi iwe mchana saa nane hivi, kwa sababu mzee anayeamka gizani mara nne kukojoa ndo huyo anayevunjika nyonga. Kabla ya kusimama akae kwanza ukingoni mwa kitanda, dawa nyingi za moyo zinashusha presha ghafla mtu akisimama.

Mzani nao una mtego. Kanuni ni kwamba akiongezeka kama kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji hayo, toa taarifa. Lakini mzee anayekonda misuli inapungua huku maji yanaongezeka, uzito unasoma vilevile na nyie mnafurahi, kwa hiyo angalia miguu, bonyeza kama kidole kinaacha shimo, hesabu mito anayolalia, angalia kama ameacha kula.

Na tafadhali sana, maduka ya dawa. Diklofenaki na ibuprofeni za magoti zinashika chumvi na maji na kuumiza figo, zimewarudisha wengi wodini. Piriton ya mafua inamzidishia kuchanganyikiwa. Akichanganyikiwa ghafla, jana alikuwa vizuri leo hajui yuko wapi, msiseme ni uzee: inaweza kuwa maambukizi, chumvi ya damu imeshuka, mkojo umeziba, au digoksini, moja ya dawa za moyo, imezidi mwilini, apelekwe siku hiyohiyo.

Kuna wanaosema basi mzee huyu aachwe apumzike asipewe dawa. Sikubaliani. DAPA-HF, utafiti mkubwa wa 2019, ulipochambuliwa upya kwa kuangalia udhaifu, walio dhaifu zaidi nao walifaidika na dapagliflozini, dawa ya moyo kushindwa iliyokuwa inajaribiwa humo, tena kwa kiasi kizuri. Na kupumzika sana kunamaliza, mwaka 2021 utafiti wa REHAB-HF kule Marekani ulionyesha wazee waliotoka kulazwa kwa moyo wakapewa mazoezi ya kusimama, kutembea na kujisawazisha wasiyumbe, baada ya miezi mitatu walikuwa na nguvu kuliko wenzao, ingawa kurudi wodini hakukupungua.

Kitu kinachobadilika ni lengo. Kwa huyu, kutembea hadi barazani, kula na kulala bila kuhema kunaweza kuwa na thamani kuliko presha kufika namba fulani, na aulizwe mwenyewe anataka nini mapema wakati bado anaweza kujibu. Kliniki ijayo beba mfuko wenye dawa zake zote, hata za kienyeji na zile za dukani, zimwage mezani, umuulize dokta ipi inamsaidia kuhema vizuri, ipi inamwangusha, na ipi inaweza kupunguzwa, ila usiache yoyote kabla hujajibiwa.