Kwa nini kiwanja cha Goma hupanda bei chini ya volkano?

Mwezi uliopita komisioneri mmoja, yaani dalali wa nyumba, alinipeleka mtaa wa Ndosho, hapa Goma, mashariki ya Kongo, kutafuta vyumba viwili vya kupanga. Tulikuta nyumba ya mbao, manjanja (mabati) yake yameanza kushika kutu, mianya ya ukuta imezibwa kwa katoni ili upepo wa usiku usipite. Uani hakuna udongo hata wa kuoteshea lengalenga; ni mwamba mweusi wenye ncha za kukata soli ya kiatu. Kodi dola 40 kwa mwezi, garanti (amana ya mwenye nyumba) ya miezi sita, na kamisheni ya mwezi mmoja kwa huyo aliyenipeleka. Dola 280 kabla hujaingiza godoro. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3. Nilipomkumbusha, alinitazama kwa huruma tu: kuna watu wengine wanne wanaoitaka nyumba hiyo hiyo.

Tulipokuwa tukirudi, Nyiragongo, volkano yetu, ilikuwa wazi mbele yetu, moshi juu yake. Nikamwuliza swali ambalo kila mgeni wa Goma huuliza. Mlima umeshateremkia mji, na kila mtu anajua utarudi. Mbona viwanja havishuki bei?

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita mkubwa kwa heshima, "volkano inakuja mara moja kwa miaka mingi. Bayeri anakuja kila mwezi."

Bayeri kwetu ni mwenye nyumba. Nimelitafakari jibu hilo, na naona amegusa penyewe. Angalia kwanza mji ulivyobanwa. Kusini ni ziwa Kivu. Mashariki ni mpaka. Ukivuka barieri uko Gisenyi, Rwanda. Kaskazini ni mlima wenyewe, mita 3,470, pamoja na hifadhi ya Virunga iliyowekwa tangu 1925. Inabaki magharibi, barabara ya Sake, na vipande vya teritwari (wilaya) ya Nyiragongo kwenye mteremko. Mji mwingine ukijaa, watu husogea kilomita chache nje na kukata viwanja kwenye mashamba. Sisi tukisogea kaskazini, tunapanda kuelekea kreta, mdomo wa volkano.

Na watu hawajaacha kuja. Mwaka 1994 wakimbizi mamia ya maelfu waliingia kutoka Rwanda kwa siku chache, na nyuma yao mashirika ya misaada yenye bajeti za dola. Baadaye vita vya Masisi, Rutshuru na Walikale viliwasukuma mjini wakulima na wafugaji wetu wenyewe. Aliyekuwa na ng'ombe akawauza akanunua kiwanja, kwa sababu kiwanja hakiswagwi usiku. Bei ya madini ya koltani ilipopaa mwaka 2000, pesa za machimbo nazo zikageuka kuta. Kisha kukaja wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa, na nyumba za mtaa wa Himbi na za kando ya ziwa zikaanza kupangishwa kwa bei ambayo mwalimu wa hapa hawezi hata kuitamka. Bei hizo haziishii Himbi. Mwenye kipato cha kati akishindwa Himbi huenda Katindo, wa Katindo huenda Keshero, na mwishowe ni yule muuza mkaa wa Ndosho anayeongezewa dola 10 bila kuelezwa sababu.

Sasa tuje kwenye volkano. Wengi hudhani lava ikipita, ardhi inakuwa haina thamani. Hapa hutokea kinyume. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika karibu asilimia 13 ya Goma, na zaidi ya watu 100,000 wakakosa makao. Watu hao wote walihitaji paa. Waliokuwa wenye nyumba jana yake wakawa wapangaji, huku nyumba za kupanga zenyewe zimepungua. Kodi ingeshukaje? Na kiwanja kilichofunikwa hakikupotea. Kilipanda juu kwa kimo cha mtu au zaidi, mwenyewe akarudi akakitafuta kwa kukisia mahali palipokuwa na barabara na kanisa, akaanza kuvunja mawe wakati chini bado pana joto. Mawe hayo hayo ndiyo kuta zetu leo. Tabu ni shimo la choo: siku nyingi za nyundo na mtaimbo, na fundi hulipwa kwa kila mita anayoshuka.

Katika muso yetu, tunakokutana Jumapili kuweka akiba, wako wanaosema kupanga ni kutupa pesa. Naheshimu wanaosema hivyo kwa sababu wengi wao wamewahi kutolewa nje na watoto kwa taarifa ya wiki moja. Lakini tupige hesabu. Tuseme nyumba inapangishwa dola 100 kwa mwezi, yaani 1,200 kwa mwaka, na mwenyewe anaiuza dola 24,000. Ukiinunua umelipa kodi ya miaka 20 kwa mkupuo. Sasa hesabu miaka ya mlima: 1977, 2002, 2021. Kati ya mlipuko na mlipuko ilipita miaka 25, kisha 19. Muda wa nyumba kurudisha pesa zake unakaribiana na muda ambao mlima umekuwa ukipumzika. Mei 2021 lava ilisimama Buhene, mlangoni mwa mji, ikiwa imeteketeza maelfu ya nyumba. Waliokuwa wamepanga pale walipoteza vitanda na masufuria. Waliojenga kwa saruji walipoteza jasho la maisha, na nyumba ya mtu wa kawaida haina bima.

Ndiyo maana naona tunabishana vibaya. Tunauliza kupanga au kununua nyumba, wakati hapa nyumba na kiwanja ni vitu viwili. Kinachopanda bei ni kiwanja. Nyumba ndiyo inayoungua. Nyumba ya mbao ambayo wageni huiona kuwa alama ya umaskini tu ni akili pia: inajengwa kwa wiki mbili, haigharimu saruji inayovuka mpaka kutoka Uganda au Rwanda, na ukihama unaibomoa mbao kwa mbao na kuisimamisha kwingine. Mwenye pesa kidogo akiniuliza, namwambia atafute kiwanja kwanza, aweke mbao juu yake, na mawe yaje polepole. Mkopo wa benki wa miaka ishirini kwa mtu asiye na mshahara wa kudumu haupo kwetu. Likilimba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu) na muso ndizo benki za ujenzi, tripu moja ya mawe kwa zamu moja.

Ila kiwanja nacho kina mtego, na huo umeliza watu wengi kuliko lava. Kwa sheria ya 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na haki hiyo husimama kwenye sertifika (cheti) ya kuandikisha inayotolewa na konservateri, afisa wa hati za ardhi. Sertifika ikishatimiza miaka 2, haipingwi tena. Karatasi ya mauziano iliyopigwa muhuri kwa shefu wa kartie, kiongozi wa mtaa, ni mwanzo wa safari, lakini wengi wetu huishia hapo. Ukitoka mjini na kuingia teritwari ya Nyiragongo, uko kwenye ardhi ya mila ya uchifu wa Bukumu, na aliyekuuzia leo anaweza kuwa na kaka atakayekuja kesho. Shangazi yangu alinunua huko. Fundi alipofika na mawe ya kwanza alikuta mtu mwingine ameshachimba msingi, naye ana karatasi yenye muhuri ule ule. Ni miaka minne sasa wanaitana barazani.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Benki zikafunga, ndege zikasimama, mashirika yakaondoa watu wao. Aliyejenga kwa ajili ya mpangaji wa dola elfu alibaki na funguo mkononi. Lakini vyumba viwili vya mbao vilikuwa bado vinatafutwa.

Jambo moja nilikaribia kulisahau. Ukionyeshwa kiwanja cha bei nafuu upande wa Lac Vert au Mugunga, hasa kilicho bondeni, waulize majirani kama kuna mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala kwenye mashimo, zaidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Huioni. Watoto na mbuzi ndio wanaotangulia, kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Nenda jua likishapasha mawe na upepo ukianza, uangalie kama kuna panzi au ndege waliokufa kwenye nyasi, na umwulize mama anayechota maji pale kwa nini kiwanja kile hakijajengwa miaka yote.