Kioo cha shaba cha Kigiriki: kilichimbwa wapi?

Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/880, inayosimamia uingizaji wa vitu vya kitamaduni kutoka nje ya Umoja, ilianza kutumika kikamilifu tarehe 28 Juni 2025, na tangu hapo dawati letu linaulizwa swali lilelile: kioo cha kale cha kujitazamia cha Kigiriki kilichonunuliwa mnadani nje ya Umoja kinahitaji kibali cha kukiingiza?

Inategemea kilitengenezwa na kuchimbwa wapi. “Cha Kigiriki” katika katalogi ni mtindo tu. Kioo chenye mpini wa sanamu ya mwanamke, cha karne ya 5 KK, huenda kilitoka Korintho au Locri, kusini mwa Italia, yaani ndani ya Umoja. Lakini makaburi ya Wagiriki yapo pia Uturuki, Libya na pwani ya Bahari Nyeusi.

Kikiwa kimetengenezwa na kuchimbwa nje ya Umoja, Uturuki tuseme, na kina zaidi ya miaka 250, kibali ni lazima hata kama thamani yake ni ndogo. Mnatuandikia kila siku kwamba kitu cha chini ya yuro 18,000 hakihitaji kibali; kiwango hicho kinahusu aina nyingine za vitu, vyenye zaidi ya miaka 200, vinavyoingizwa kwa tamko la mwagizaji, yaani maelezo anayoyasaini mwenyewe badala ya kuomba kibali. Vitu vya akiolojia, yaani vilivyochimbuliwa ardhini kama kioo hiki, havimo. Tumeshalieleza hili mara nyingi.

Maombi hutumwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Mamlaka ina siku 21 za kudai nyaraka zilizopungua, kisha siku 90 za kuamua, zikihesabiwa tangu maombi yakamilike. Mwombaji athibitishe kuwa kitu kilitoka nchi ya asili kwa kufuata sheria zake. Kama kilitoka kabla ya 24 Aprili 1972, au nchi hiyo haijulikani kwa uhakika, unaweza kukubaliwa ushahidi kwamba kilitoka kihalali katika nchi ya mwisho kilikokaa zaidi ya miaka mitano. Kupita bandarini tu hakuhesabiki. Adhabu hupangwa na kila nchi mwanachama.

Kikiwa kimechimbwa Ugiriki, kanuni hii haikihusu, na hapo wengi hushangilia mapema. Kwa sheria ya Ugiriki, vitu vya kale vinavyochimbuliwa nchini humo, vya hadi mwaka 1453, ni mali ya dola. Agizo la Umoja namba 2014/60 nalo linairuhusu nchi mwanachama kudai irudishiwe kitu kilichoondolewa katika ardhi yake kinyume cha sheria tangu 1 Januari 1993.

Tafadhali msituandikie kwamba kioo “hakipo kwenye orodha ya Interpol” ya vitu vilivyoibwa. Kilichofukuliwa kaburini usiku hakikupigwa picha na mtu yeyote, kitaorodheshwaje?

Maneno “mkusanyiko binafsi, Uswisi, miaka ya 1960” bila karatasi hayatoshi. Dai ankara, barua, picha ya zamani au hati ya bima, na soma majina yote ya waliokimiliki. Mwaka 2023 Ugiriki ilitangaza kurejeshewa vitu 351 vilivyokuwa vya kampuni iliyofilisika ya Robin Symes, mfanyabiashara Mwingereza wa vitu vya kale aliyehusishwa na vitu vilivyochimbwa kwa wizi, baada ya kesi ya miaka 17. Jina hilo likiwemo kwenye ankara yako, mwone mwanasheria kabla hujalipa.