Kabla ya kitanzi, neno "atahukumiwa"

Nilipoanza kuwafundisha wasaidizi wa kisheria vijijini mkoani Dodoma kuhusu adhabu ya kifo, nilikuwa nikifungua kila mkutano kwa Ibara ya 14 ya Katiba, inayozungumzia haki ya kuishi, hadi siku mzee mmoja aliponyoosha fimbo yake na kuniuliza: "Mwanasheria, na yule aliyeuawa, hiyo ibara haikumhusu?" Mkutano mzima uliguna, nami sikuwa na jibu la maana.

Tangu hapo naanza na kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu. Kinasema kwamba aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Hakisemi "anaweza kuhukumiwa". Mtu akiua bila kukusudia, jaji ana nafasi pana ya kupima, na kifungo cha maisha ndiyo ngazi ya juu tu. Lakini kosa likiwa la kukusudia, jaji hana tena la kupima, ukiacha mjamzito na aliye chini ya miaka 18. Kisha nawapa mfano. Vijana watatu wamekwenda kuvamia duka: mmoja amemkata mwenye duka kwa panga, wa pili amebeba fedha, wa tatu amebaki barabarani na pikipiki. Mahakama ikiridhika kwamba kifo kile kilikuwa tokeo la kutarajiwa la mpango wao wa pamoja, wote watatu hupewa adhabu ileile. Nimewaona watu waliokuwa wakisema "anyongwe tu" wakibishana hadi jua kuzama kuhusu yule wa pikipiki, na ubishi huo ndio ninaoufuata huko.

Wenzangu wa mjini huniuliza kwa nini nahangaika na vijiji wakati hakuna aliyenyongwa Tanzania tangu 1994. Mwaka huohuo, hapahapa Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliamua katika shauri la Mbushuu kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, ila ikaiacha isimame, ikisema kwamba jamii ndiyo inayoamua kama inahitajika kulinda uhai. Jamii hiyo inakaa wapi kama si vijijini? Baadaye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha, katika uamuzi wa Novemba 2019, iliagiza ulazima wa jaji kutoa adhabu hiyo uondolewe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, kifungu kikabaki.

Waliofiwa siwaombi wasamehe. Si kazi yangu. Katika mkutano mmoja tulipitisha fomu ya kumwomba mbunge alifikishe bungeni suala la kuondoa ulazima huo, na mama mmoja aliyeuliwa mwanawe akaishika kwa muda mrefu. Aliniuliza kama muuaji ataachiwa. Nikamjibu kwamba anaweza kufungwa maisha, au hata kuhukumiwa kifo, ila jaji atakuwa amelazimika kueleza kwa nini. Akaniambia nimsomee tena, polepole, ndipo akaomba wino wa dole gumba.